Roboti ikishika kitu, inajuaje kimekaaje mkononi mwake?

#1 pini_na_tundu

Wakuu salaam.

Nina mkono mdogo wa roboti wa viungo sita, mwisho wake kuna koleo la vidole viwili. Kazi niliyoupa ukiisikia utacheka: uokote pini ya chuma mezani, uipeleke penye tundu, uichomeke. Basi. Pini ina urefu wa milimita 120 na kipenyo cha milimita 8. Tundu limeizidi pini kidogo tu, ila mdomo wake nimeuchonga mshazari ili ncha ikikosea kwa milimita moja hivi iongozwe ndani.

Kamera nimeifunga juu ya meza. Pini ikiwa imelala inaiona vizuri, nimehakiki kwa kalipa. Mkono nao ukiutuma mahali unafika. Yaani ukipima kimoja kimoja, kila kitu ni kizima. Ukiviunganisha, balaa. Jana nimejaribu mara 20, pini imeingia mara 11. Tisa zilizobaki ncha imegonga ukingo, mara kushoto, mara kulia, na mara mbili pini ilichomoka vidoleni ikaruka hadi sakafuni.

Programu yangu inafanya hivi: kamera inaiona pini, nahesabu ilipo, mkono unaishika karibu na mkia, na kuanzia hapo naichukulia pini kama sehemu ya mkono. Mkono ukienda sentimita kumi, na pini imekwenda sentimita kumi. Nahisi mchawi yuko hapo, ila sijui wenzangu mnafanyaje. Roboti ikishashika kitu, inajuaje kimekaaje mkononi?

#2 bisibisi_bapa

Naweka kiti hapa. Ugonjwa wangu ni huohuo, mimi ni bisibisi na kichwa cha skrubu.

#3 mzee_wa_enkoda

Mkuu, hiyo dhana yako si ya kijinga, kila mtu huanzia hapo. Tuiangalie vizuri.

Kwenye kila kiungo una enkoda inayosoma pembe. Pembe sita ukizichanganya na urefu wa kila pingili unapata koleo liko wapi na limeelekea wapi. Ni mnyororo: bega linabeba kiwiko, kiwiko kinabeba kifundo, kifundo kinabeba koleo. Wewe umeongeza pingili ya saba, pini. Sasa, zile sita zimefungwa kwa skrubu. Ya saba imefungwa kwa msuguano. Na haina enkoda.

Halafu tusiseme "nafasi" tukaishia hapo. Kitu mkononi kinahitaji namba sita: tatu za kilipo, tatu za kilivyoelekea. Mimi huziita zote kwa pamoja mkao. Watu wengi wanapigania zile tatu za kwanza, na wanaouawa na tatu za mwisho ndio hao hao. Piga hesabu: umeshika mkia, ncha iko milimita 100 mbele ya vidole. Pini ikipinda digrii moja tu, ncha imehama milimita 1.7. Mshazari wako unasamehe moja. Digrii moja hata kwa jicho huioni.

Na mkono wenyewe usiuamini kupita kiasi. Enkoda ya hatua 4,096 kwa mzunguko, ikiwa imekaa kwenye kiungo chenyewe, inasoma kwa vipande vya digrii 0.088. Mkono ukiwa umenyooka nusu mita, kipande kimoja cha begani ni karibu milimita 0.8 huku mwisho. Ikiwa iko upande wa mota, nyuma ya gia, vipande vinakuwa vidogo zaidi, lakini unarithi ulegevu wa gia.

Kabla hujagusa programu, piga video ya polepole. Usiitazame pini ikiwa mezani wala ikiwa penye tundu. Tazama ile nusu sekunde vidole vinapofunga.

#4 pini_na_tundu

Mzee, nimepiga kwa simu, fremu 240 kwa sekunde. Nimekaa kimya dakika nzima.

Kidole cha kushoto kinafika kwanza. Kinausukuma mkia, na kwa kuwa kinasukuma mkia na si katikati, pini haiendi pembeni, inazunguka. Ncha inabaki karibu palepale, mkia unahama. Ndipo kidole cha kulia kinafika na kuibana ikiwa imeshapinda. Raba za vidole zina uvimbe kidogo katikati, kwa hiyo haziinyooshi, zinaibana vilevile ilivyo. Halafu mkono ukinyanyuka, ncha inashuka kwa uzito wake kama kichwa cha mtu anayesinzia kwenye basi.

Wakati huo huo kwenye skrini pini imenyooka kama mshale. Programu inachora picha ya kabla ya kushika. Imebaki na kumbukumbu, pini yenyewe imeshakwenda zake.

#5 mzee_wa_enkoda

Hapo sasa. Kushika nako ni kusogeza. Kipimo cha kabla ya kushika kinakwisha muda wake pale vidole vinapogusa.

#6 kamera_mbili

Suluhisho la kwanza na rahisi: tazama tena. Ukishanyanyua, ipeleke pini mbele ya kamera, ipime ikiwa mkononi, halafu ndipo uende kwenye tundu. Pini yako imetokeza milimita 100, una bahati, inaonekana. Mwenye kushika nati ndogo hana bahati hiyo, vidole vyake vinaifunika yote. Na hapo ndipo utani wa fani hii ulipo: kitu kinahitaji kuonekana zaidi pale kinaposhikwa, na kikishashikwa ndipo kinapofichika.

Mambo matatu ya kuangalia ukifuata njia hii.

Kwanza, kamera na mkono lazima vikubaliane dunia iko wapi. Unausogeza mkono kwenye mikao tofauti ukiwa umeshika ubao wa miraba, kamera inaupiga picha, unatafuta hesabu moja ya kugeuza vipimo vya kamera kuwa vya mkono, inayoeleza picha zote kwa pamoja. Njia ya Tsai na Lenz ya 1989 bado inatumika hadi leo. Hapo kwenye mikao usione uvivu: kama hukuugeuza mkono kwa pembe kubwa katika mihimili tofauti, jibu linatoka zuri kwenye skrini na bovu mezani. Nilishawahi kupoteza wiki mbili kwa sababu mikao yangu yote ilikuwa inaelekea chini.

Pili, saa. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde inatoa picha kila milisekunde 33. Mkono ukienda nusu mita kwa sekunde, ndani ya picha moja umehama zaidi ya milimita 16. Ukioanisha picha ya sasa hivi na pembe za enkoda za sasa hivi ukadhani ni za wakati mmoja, umejidanganya, kwa sababu picha ilipigwa kitambo na imechelewa njiani. Weka muhuri wa wakati kwenye kila kitu, au simamisha mkono kabla ya kupima. Mimi husimamisha. Sina aibu.

La tatu ni la kupata ukweli wa kulinganisha nao. Bandika kwenye kitu kile kibandiko cha miraba nyeusi na nyeupe, AprilTag, kilichotoka Chuo Kikuu cha Michigan. Kinakupa mkao mzima kwa kamera moja. Si kwa kazi ya kila siku, ni ili ujue njia yako nyingine inakosea kiasi gani.

#7 msomaji_tu

Samahani naingilia. Ile roboti ya OpenAI iliyokuwa inazungusha mchemraba wa rangi kwa mkono mmoja, yenyewe ilikuwa inaona kwa nini? Maana vidole vimeuzunguka mchemraba wote.

#8 kamera_mbili

Swali zuri, na jibu lake linafundisha. Mwaka 2018 walianza na mchemraba wa kawaida, usiozunguka nyuso, kwenye Shadow Hand, mkono wenye viungo 24. Kamera tatu za kawaida zilikadiria mkao wa mchemraba huo. Ila ncha za vidole zilifuatiliwa na mfumo mwingine wa kamera 16 zinazosoma taa ndogo zilizofungwa vidoleni. Yaani kwa kitu kimoja kiganjani, chumba kilikuwa kimejaa macho. 2019 walipokuja na mchemraba wa kuzungusha nyuso, kamera zilitoa mkao wa mchemraba mzima, na matokeo yao bora yalitumia mchemraba wenye sensa ndani zinazosema kila uso umezungushwa kiasi gani. Hata hivyo ilifaulu takriban 60% ya majaribio, na kwa mchemraba uliovurugwa kwa ugumu wa juu kabisa, 20%.

Siwacheki. Nasema tu kwamba wenye uwezo wote ule hawakuutegemea mwonekano wa kamera moja.

#9 ngozi_laini

Nimesoma hadi hapa nikasubiri mtu aseme neno "mguso". Hakuna.

Wewe ukitafuta ufunguo mfukoni huingizi kamera mfukoni. Ngozi ya kiganja na vidole vya mkono mmoja wa binadamu ina vipokezi vya mguso vipatavyo 17,000, makadirio ya Johansson na Vallbo ya 1979. Na si kwamba unabana kila kitu kwa nguvu zote. 1984 Johansson na Westling walionesha kwamba mtu hubana kwa nguvu iliyozidi kidogo tu ile ya kuzuia kuteleza, na kitu kikianza kuteleza anaongeza kabla hata hajatambua. Koleo lenye sensa ya nguvu peke yake linajua limebana kiasi gani. Limebana nini na kimekaaje, halijui.

Kuna sensa inaitwa GelSight, Johnson na Adelson wa MIT, 2009. Nitaieleza kwa sababu niliwahi kuishika. Ni pedi ya jeli laini kama ncha ya sikio, uso wake umepakwa rangi inayoakisi mwanga. Nyuma ya jeli kuna taa ndogo za rangi tofauti, kila moja inamulika kutoka upande wake, na kamera inayotazama jeli kwa ndani. Kitu kikikandamiza jeli, kila mteremko unapokea mchanganyiko wake wa rangi. Kutoka kwenye rangi unapata mteremko, kutoka kwenye miteremko unajenga umbo. Nilikandamiza kidole changu: kwenye skrini mistari ya ngozi imesimama kama matuta ya shamba. Nikakandamiza skrubu: hesabu meno. Sasa fikiria hiyo ndiyo ncha ya kidole cha koleo lako. Pini ikibanwa imepinda, jeli inaonesha mfereji umepinda, na pembe unaipima palepale pa kushikia, ambapo kamera yako ya juu haioni kitu.

Mwaka 2014 timu ya MIT na wenzao waliifunga kwenye roboti ya Baxter, ikashika plagi ya USB inayoning'inia kwenye waya wake, ikasoma imekaaje vidoleni, ikaichomeka. Baxter haisifiki kwa usahihi, wanaoifahamu wanajua. Mguso ndio uliofidia.

Na kuteleza unakuona kabla hakujatokea. Ukichora nukta kwenye jeli, zile za ukingoni mwa eneo lililobanwa huanza kuachia kwanza, za katikati bado zimeng'ang'ania. Ukiona za pembeni zinabaki nyuma, ongeza kubana.

#10 sina_sensa

Dada umeeleza vizuri, ila sema pia kwamba jeli inachakaa. Inachanika, rangi inabanduka, na baada ya miezi michache ya kushika vyuma vyenye makali unasoma makovu ya jeli yenyewe.

#11 ngozi_laini

Inachakaa, kweli. Na raba za koleo zinachakaa. Na gia za mzee huko juu zinachakaa. Unabadilisha, kazi inaendelea.

#12 pini_na_tundu

Naomba kuuliza jambo la kipumbavu. Tuseme nina kamera na jeli. Kamera inasema pini imepinda digrii 2, jeli inasema 4. Nachukua wastani?

#13 chembe_elfu

Si la kipumbavu, ndilo swali lenyewe. Na jibu ni: mara nyingine ndiyo, mara nyingine wastani ndio utakaokuua.

Ndiyo, kama kila sensa inajua inakosea kiasi gani. Kamera ikitikisika digrii 2 na jeli nusu digrii, jeli inapewa uzito mkubwa zaidi. Hicho ndicho kichujio cha Kalman cha 1960 kwa lugha ya nyumbani: kisia, pima, sahihisha kwa kadiri unavyoamini. Angalizo la njiani: usipige wastani wa pembe kama namba za kawaida. Wastani wa digrii 359 na digrii 1 kwa hesabu ya shule ni 180. Nimeona mkono ukigeuka kwa kishindo kwa sababu ya mstari mmoja huo wa msimbo, na aliyeuandika ni mimi.

Hapana, pale ambapo kuna majibu mawili yanayowezekana. Tuseme jeli imeguswa kwa namna ambayo pini inaweza kuwa imepinda kushoto digrii 3 au kulia digrii 3. Wastani ni imenyooka, jibu ambalo hakuna ushahidi wowote unaolitetea. Hapo wengi tunatumia chembe. Badala ya jibu moja, programu inashika makisio elfu ya mkao wa pini. Mkono ukisogea, yote yanasogezwa, kila moja likiongezewa kosa lake dogo la kubahatisha. Sensa ikisema neno, yanayopingana nayo yanakufa, yanayokubaliana yanazaana. Makundi mawili yanaweza kuishi pamoja hadi ushahidi utakapolimaliza moja.

Ila mguso una mtego wake, na huu naupenda. Sensa ya mguso ikisema "nimegusa", inamaanisha uso wa pini uko hasa kwenye uso wa kidole. Si karibu. Hasa. Kati ya makisio yako elfu ni mangapi yamegusa hasa? Karibu hakuna. Mengine yanaelea nusu milimita nje, mengine yamezama ndani ya kidole. Kwa hiyo sensa inavyokuwa sahihi zaidi, ndivyo inavyoua makisio mengi zaidi, hadi unabaki na matano ya kubahatisha. Unanunua sensa nzuri, ufuatiliaji unakuwa mbovu. Koval na wenzake wa Carnegie Mellon walilieleza hili mwaka 2013 na dawa yao ni kugeuza mpangilio: ukiambiwa kuna mguso, usianze na makisio yoyote ukayachuja, yatengeneze yakiwa tayari yamegusa, halafu uyape uzito kwa yale uliyoyajua kabla.

Na hata ukiwa na kamera peke yako, mguso unakusaidia kama sheria. Vitu viwili vigumu haviwezi kukaa mahali pamoja. Watu wa DART, mfumo wa 2014 wa kufuatilia vitu vyenye viungo kwa kamera ya kina (inayopima umbali), mwaka uliofuata waliiongeza sheria hiyo: mkono na kitu visipenyezane, na pale kidole kinapojulikana kimegusa, uso wa kitu uvutwe hadi kidoleni. Kamera ikiwa haioni, sheria inaendelea kufanya kazi.

#14 msomaji_tu

Kwa nini tusifundishe tu mtandao wa neva, ule kila kitu, utoe jibu? Naona watu mnarudi 1960.

#15 kamera_mbili

Mitandao ipo na inafanya kazi kubwa. FoundationPose ya NVIDIA, 2024, unaipa umbo la kitu au picha chache za kukielekeza, inakifuatilia bila kufundishwa upya kwa kitu hicho. Mimi ndiyo ninayoanza nayo siku hizi. Ila pikseli zilizofunikwa na vidole hakuna mtandao utakaozifunua, utakisia tu kwa ujasiri.

#16 ngozi_laini

Na waliochanganya vyote wapo. NeuralFeels, 2024: mkono wa vidole vinne, sensa za mguso ziitwazo DIGIT kwenye ncha, kamera nje, kitu kinazungushwa mkononi na umbo lake linajengwa papo hapo, hakikujulikana kabla. Mkao uliokadiriwa ulikosea kwa wastani wa milimita 4.7, na umbo likijulikana tangu mwanzo, milimita 2.3. Pale kitu kilipofunikwa sana, kuongeza mguso kuliboresha ufuatiliaji hadi 94% kulinganisha na kamera peke yake. Na msomaji_tu, ndani yake kuna mitandao ya neva na kuna ukokotoaji wa kizamani pia. Havikugombana.

Sasa zitazame hizo milimita 2.3 halafu utazame mshazari wa mwenye uzi, milimita moja.

#17 sina_sensa

Hapo hapo dada umenifungulia mlango. Teknolojia bora za kupima, na bado pini haiingii. Kwa nini tunang'ang'ania kupima?

Usipime. Lazimisha.

Mwaka 1988 Erdmann na Mason walionesha sinia linaloinamishwa huku na huku kwa mpangilio maalumu. Kitu kilichomo, hata kikianza kimekaa vipi, kinaishia kona ileile na mwelekeo uleule. Bila sensa hata moja. 1993 Goldberg akathibitisha kwamba umbo lolote bapa la pembe nyingi linaweza kuelekezwa kwa koleo la vidole viwili lisilo na sensa, kwa kulibana mara kadhaa kwa pembe zilizochaguliwa, isipokuwa tu pale ulinganifu wa umbo lenyewe unapoleta utata. Kila kubana kunapunguza idadi ya mikao inayowezekana. Ile ile nguvu iliyompindishia mwenzetu pini, ukiipanga, inamnyooshea.

Mkuu mwenye uzi, raba zako zina uvimbe. Zitoe. Chonga vidole viwe na mfereji wa umbo la V ulionyooka kwa urefu wa kidole. Pini ya mviringo ikibanwa kwenye V haina pa kwenda, inalala ndani ya mfereji. Pembe zote mbili za kupinda zimekufa, pamoja na mahamisho mawili ya pembeni. Katika namba sita za mzee unabaki na mbili: imechomoza kiasi gani, na imezunguka kwenye mhimili wake kiasi gani. Pini ni mviringo, ya pili haikuhusu. Umebaki na namba moja.

Hiyo moja ipime kwa kugusa. Funga kipande cha chuma mezani, mahali unapopajua. Isukume ncha ya pini polepole hadi iguse. Huhitaji jeli, tazama mkondo wa umeme wa mota, ukipanda ghafla umegusa. Enkoda zinakwambia koleo liko wapi, chuma unajua kiko wapi, toa, umepata.

#18 ngozi_laini

Na kesho akipewa pini ya pembe tatu? Au bomba la milimita 20? Atachonga vidole vipya kila asubuhi?

#19 sina_sensa

Akipewa vitu mia tofauti nitakuwa wa kwanza kumtuma kwako. Leo ana pini moja.

#20 mzee_wa_enkoda

Wote wawili mko sahihi, na mnajua. Nyongeza yangu ni ndogo: penye tundu usiwe mgumu. Maabara ya Draper katika miaka ya 1970 walitengeneza kifundo cha raba na chuma kinachokaa kati ya mkono na koleo. Ncha ikigusa mshazari, chenyewe kinasogea pembeni na kujinyoosha, hakuna kompyuta. Kosa dogo linalobaki linamezwa. Kama huna, punguza ugumu wa mota kwenye programu sentimita ya mwisho.

#21 pini_na_tundu

Wakuu nimerudi, samahani kwa kukaa kimya siku nne.

Vidole vya V nimechapa kwa printa ya 3D. Vya kwanza vilivunjika, vya pili nimeweka kuta nene. Video ya polepole tena: kidole cha kushoto bado kinafika kwanza, bado kinausukuma mkia, pini bado inazunguka. Lakini cha kulia kinapofika inateleza ndani ya mfereji na kunyooka. Na kichwa hakisinzii tena wakati wa kunyanyua.

Nimejaribu mara 20 bila kugusa chuma cha kupimia: 16. Zile nne zote ni kosa moja, urefu. Pini ilikuwa imechomoza zaidi au pungufu, mkono ukaachia mapema au ukaendelea kusukuma. Nikafunga kipande cha chuma, nikaongeza hatua ya kugusa. Mara 20 nyingine: 19.

Hiyo moja nimeikamata kwenye kumbukumbu za mota. Wakati wa kugusa chuma nilikuwa nakwenda haraka mno, mkondo ulipanda, ila kabla mkono haujasimama pini ilikuwa imeshasukumwa nyuma ndani ya mfereji. Nikaandika urefu wa wakati wa kugusa, kumbe baada ya hapo imerudi nyuma milimita mbili.

#22 mzee_wa_enkoda

Kupima nako ni kusogeza, ehee. Punguza mwendo, na soma urefu baada ya mkono kusimama ncha ikiwa bado imegusa.

#23 pini_na_tundu

Nimepunguza. Inaingia. Nitaiacha usiku kucha ijihesabu.

#24 bisibisi_bapa

Mimi mnaniachaje? Bisibisi langu nimeliweka kwenye V, limenyooka safi. Urefu nimeugusisha chuma, safi. Lakini ncha yangu ni bapa na kichwa cha skrubu kina mfereji mmoja. Ile namba ya sita mliyosema haimhusu mwenye pini, mimi ndiyo inayonihusu. Shina la bisibisi ni mviringo, V haijui bapa limeelekea wapi. Kamera ya juu haioni ncha, jeli sina.

#25 chembe_elfu

Na kumbuka bapa lina ulinganifu: ukiligeuza nusu mzunguko ni lilelile. Kwa hiyo huhitaji kujua katika digrii 360, ni 180 tu. Nusu ya kazi umeshapunguziwa.

#26 sina_sensa

Hata hizo 180 usizipime. Shusha ncha hadi iguse kichwa cha skrubu, sukuma kidogo tu, mota ya kushuka iwe laini kama alivyosema mzee. Halafu zungusha kifundo polepole. Bapa litateleza juu ya kichwa hadi likutane na mfereji, litaanguka ndani. Enkoda ya kushuka itaruka ghafla, pengine milimita moja. Pembe ya kifundo wakati huo iandike, ndiyo namba yako ya sita. Usizungushe kwa upande wa kukaza, zungusha kwa upande wa kulegeza, usije ukaanza kuifunga skrubu kabla hujakaa sawa.

#27 bisibisi_bapa

Imeanguka ndani mzunguko wa kwanza. Ina sauti, tak, naisikia hata nikiwa nimeipa mgongo.